Fundi mmoja bati 62, mwingine 114: nani ananiibia?

Kaka Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Nafanya kazi Mbeya mjini, lakini najenga nyumbani Tukuyu, kwenye kiwanja alichonigawia baba. Kuta zimefika juu, lenta imemwagwa, na sasa nataka kupaua kabla hela haijaishia kwenye ada za shule.

Nyumba ina urefu wa mita 12 na upana wa mita 9. Paa ni la kawaida, mgongo wa tembo, miteremko miwili tu, na nimeomba litokeze nje ya ukuta sentimita 60 kila upande. Nimeita mafundi wawili, kila mmoja kwa siku yake. Wa kwanza alitembea ndani ya nyumba na futikamba, akapiga hesabu kwenye simu, akasema bati 62 za mita 3 zinatosha. Wa pili akasema 114. Nilipomwambia kuwa mwenzake ametaja 62, alicheka tu.

Duka la Mbeya nililoulizia wanauza bati ya migongo ya geji 28, mita 3, kwa shilingi 36,000. Niliipima mwenyewe: upana wake wote ni sentimita 80, ila wenye duka wanasema zikilaliana inabaki inafunika sentimita 70. Wanasema pia kuwa wanakata urefu wowote kwa shilingi 12,000 kila mita. Kwa hesabu ya fundi wa kwanza nahitaji 2,232,000. Kwa huyu wa pili ni 4,104,000. Tofauti inakaribia milioni mbili, Kaka, na mimi natumia mkopo wa chama cha akina mama.

Niliandika mambo mengine waliyosema. Wa kwanza alitaka kilele cha kenchi, zile fremu za mbao za kubeba paa, kiwe mita 2.1 juu ya ukuta. Wa pili alitaka mita 2.6, kwa sababu ya mvua ya Tukuyu. Wa kwanza anataka ufundi 400,000 kwa kazi nzima, wa pili shilingi 3,000 kwa kila bati.

Halafu kuna shemeji yangu anayeishi Uingereza. Ananitumia picha za nyumba anayopanga, ina paa la vigae vya mawe meusi, anaviita sleti, na anasema vina zaidi ya miaka 100 na havijabadilishwa. Anasema niachane na bati, atachangia. Nifanyeje? Na kati ya mafundi hawa, nani ananiibia?

Mjenzi wa Mbali, Mbeya

*

Dada Mjenzi, ndaga kwa barua iliyonyooka. Wengi huniandikia "fundi amesema bati nyingi", hawataji upana wala urefu wa nyumba, nami nabaki napiga ramli. Wewe umeleta vipimo vyote, hata kile ambacho nadhani hukujua uzito wake: mita 2.1 na mita 2.6. Jibu lako limelala hapo.

Niseme mapema, sioni mwizi. Naona mafundi wawili waliohesabu mapaa mawili tofauti, mmoja akakosea kwa njia ya hatari na mwingine akakosea kwa njia ya gharama.

Tuanze na wa kwanza. Alipima sakafu, akaongeza zile sentimita 60 kila upande, akapata mita 13.2 kwa 10.2, yaani mita za mraba 134.6. Kisha akagawa kwa eneo la bati nzima, mita 3 kwa sentimita 80, akapata 56 na kitu, akaongeza asilimia 10 ya tahadhari. Inatoka 62. Nimeijaribu hesabu hiyo na inaangukia pale pale, kwa hiyo sina shaka sana kuwa ndivyo alivyofanya. Ina makosa mawili. Kwanza, bati haifuniki sentimita 80. Upande mmoja unalala juu ya mwenzake, na umeambiwa mwenyewe kuwa zinabaki 70. Pili, na hili ndilo kubwa, paa halilali chini kama mkeka. Linapanda. Ukitaka kujua bati ngapi, pima mteremko, siyo sakafu.

Mteremko unapatikana kwa ile hesabu ya Pythagoras uliyoisoma sekondari. Nusu ya upana wa nyumba ni mita 4.5. Zidisha kwa yenyewe, 20.25. Kimo cha kilele ni 2.1, zidisha kwa chenyewe, 4.41. Jumlisha, 24.66, tafuta kipeuo cha pili kwenye simu: 4.97. Huo ni urefu wa mteremko kutoka kileleni hadi ukutani. Lakini paa linatokeza nje sentimita 60 zaidi, kwa hiyo zidisha 4.97 kwa 5.1 (yaani 4.5 na zile 0.6), gawa kwa 4.5, unapata mita 5.63. Ongeza sentimita 5 au zaidi kidogo ili bati ifike juu ya gata, ule mfereji wa kukusanya maji ya paa, sema mita 5.70.

Sasa hesabu safu. Urefu wa paa ni mita 13.2. Gawa kwa sentimita 70: inatoka 18.86, na kwa kuwa huwezi kununua robo tatu ya safu, ni safu 19. Miteremko ni miwili, kwa hiyo safu 38. Kila safu inahitaji mita 5.70. Bati mbili za mita 3 zikilaliana sentimita 20 zinatoa mita 5.80. Zinatosha. Kwa hiyo kwa paa la fundi wa kwanza, kwa kimo chake mwenyewe cha 2.1, unahitaji bati 76. Siyo 62. Angekufikisha mbele kidogo ya katikati ya mteremko wa pili, kisha angekupigia simu Mbeya: "Mama, zimepungua kumi na nne." Ungekimbilia dukani, na kama ulinunua bati za rangi ungekuta mzigo mpya una wekundu mwingine kidogo. Mapaa yenye kiraka cha namna hiyo yapo mengi, pita tu barabara ya Uyole kuelekea Tukuyu ukiangalia pembeni.

Sasa huyu wa pili aliyecheka. Rudia hesabu ile ile kwa kimo chake cha 2.6. Inatoka 5.20 hadi ukutani, na 5.89 ukiongeza lile tokezo, ukifikisha kwenye gata ni kama mita 5.95. Zile bati mbili zenye kutoa 5.80 sasa hazifiki. Zinapungua sentimita 15. Ndipo yeye akahesabu bati tatu kwa kila safu: 38 mara 3 ni 114. Umeona? Sentimita 50 za kilele zimeongeza bati 38 na kukupandishia bili kwa 1,368,000 ukilinganisha na zile 76. Hakukudanganya, ila alihesabu kivivu, maana ile bati ya tatu ingekatwa vipande. Kipande cha sentimita 15 pamoja na 20 za kulalia ni 35, na bati moja ya mita 3 inatoa vipande vinane. Bati 5 zingemaliza safu zote 38. Jumla 81.

Usije ukakubali mwingine akikwambia pengo hilo la juu "kofia itaziba". Kofia, ile bati iliyokunjwa ya kufunika kilele, inakaa juu ya bati, haikai badala ya bati. Upepo ukirusha mvua chini yake, maji yanaingia moja kwa moja kwenye kenchi na dari, na kwa mvua ya Tukuyu, ambayo kwa mwaka hupita milimita 2,000, hutasubiri muda mrefu kuyaona.

Hata hizo 81 sikushauri. Umesema duka linakata urefu wowote kwa 12,000 kila mita, na mita 3 kwa 36,000 ni bei hiyo hiyo. Basi kwa nini ununue vipande viwili na kuviunga katikati ya mteremko? Agiza bati 38 nzima nzima. Kwa kilele cha 2.1 ni mita 5.70 kila moja, jumla mita 216.6, shilingi 2,599,200. Kwa kilele cha 2.6 ni mita 5.95, jumla mita 226.1, shilingi 2,713,200. Tofauti ya mapaa hayo mawili, ambayo kwa mafundi wako ilikaribia milioni mbili, sasa ni 114,000. Na hakuna kiungo hata kimoja cha katikati cha kuvuja.

Tatizo la bati ndefu ni usafiri. Kenta haitazibeba vizuri, zitaning'inia nyuma na kupinda kabla hujafika Kiwira. Tafuta Fuso yenye bodi ndefu, na uulize bei yake kabla ya kulipia bati. Kama unaweza, changia gari na jirani anayejenga.

Kati ya 2.1 na 2.6, mimi ningechukua 2.1. Hiyo ni kama nyuzi 25, na kwa bati isiyo na kiungo maji yanakimbia vizuri kabisa. Fundi wa pili ana hoja kuhusu mvua, ila ile ya kwake ni nyuzi 30, inaongeza mbao kwenye kila kenchi na tofali kwenye zile kuta mbili za pembetatu, na hupati faida inayolingana. Ungekuwa unaezeka vigae ningekwambia vinginevyo.

Kuna lile la ufundi pia. Shilingi 3,000 kwa kila bati kwa bati 114 ni 342,000, chini ya yule wa 400,000. Lakini ukimletea bati 38 ndefu, kwa mapatano yenu anapata 114,000, na hatakubali, wala si haki akubali, maana kazi ya kuinua bati ya karibu mita 6 juu ya kenchi inahitaji watu watatu. Kwa hiyo usimlipe fundi kwa idadi ya bati. Fundi anayelipwa kwa bati hana sababu ya kukupunguzia bati. Patana kwa paa zima, kenchi mpaka kofia, kwa awamu: sehemu kenchi zikisimama, sehemu bati zikiisha kupigwa, na kiasi kibaki mpaka mvua kubwa ya kwanza inyeshe.

Bati peke yake siyo paa, na hapa ndipo makadirio mengi hufa. Muulize kila fundi aandike na vilivyobaki. Kenchi zikiwekwa kila mita 1.2, kwa mita 12 ni kenchi 11. Papi za inchi mbili kwa mbili, zile mbao za kupigilia bati, zikipita kila sentimita 90, mteremko wa 5.63 unataka mistari 8, miteremko miwili ni mistari 16. Kila mstari ni mita 13.2, na mbao ya futi 12 ni mita 3.6, kwa hiyo nne kwa mstari: mbao 64 za papi. Kofia za mita 3 ni 5. Fisha bodi, ule ubao wa ukingoni, ya kuzunguka paa lote ni kama mita 49. Misumari ya bati yenye mpira, au skrubu ukipenda zaidi, nne kwa kila bati kwenye kila mstari wa papi: 38 mara 8 mara 4 ni 1,216, nunua 1,300. Na ipigwe kwenye mgongo wa bati, isipigwe kwenye mfereji yanamopita maji. Kuna mafundi wanapiga mferejini kwa sababu nyundo inafika haraka.

Kwenye mbao huna haja ya kuhangaika mbali. Mbao za misindano zipo kwenu kutoka shamba la miti Kiwira, na nyingine zinakuja kutoka Sao Hill kule Mufindi. Ninachokuomba ni kimoja, ununue zilizotiwa dawa kweli. Ule ukijani wa juu si ushahidi, hata brashi inaupaka. Kata ncha ya mbao moja pale pale kwa muuzaji uangalie rangi imeingia kiasi gani. Kama imeishia kwenye ngozi, rudisha. Mchwa hawasomi risiti.

Halafu geji. Namba ikiwa ndogo bati ni nene, kwa hiyo geji 28 ni nene kuliko 30. Duka lako limekutajia 28, sawa, lakini je, wale mafundi walikuwa wanafikiria geji gani? Hakikisha imeandikwa kwenye bati yenyewe, pamoja na alama ya TBS, na bei unayolinganisha na duka jingine iwe ya geji hiyo hiyo na upana huo huo wa kufunika. Bati ya 34,000 inayofunika sentimita 65 ni ghali kuliko yako ya 36,000. Gawa uone: ya kwanza inakutoka 17,436 kwa kila mita ya mraba, ya kwako 17,143.

Na kabla hujalipia chochote, nenda Tukuyu mwenyewe na futikamba ya mita 30. Ramani inasema 12 kwa 9, ukuta unaweza kusema 12.15 kwa 9.10. Sentimita 15 za urefu zinaifikisha safu yako ya 19 ukingoni kabisa, 13.35 gawa kwa 0.7 ni 19.07, na ghafla unahitaji safu 20. Ikitokea hivyo, punguza tokezo la upande sentimita chache ubaki kwenye 19. Hiyo ndiyo faida ya kujua hesabu yako mwenyewe kabla ya fundi.

Tuje kwa shemeji. Hakudanganyi. Sleti nzuri inakaa zaidi ya miaka 100, na nchi ya Wales imechimba mawe hayo na kuezekea nusu ya dunia, kiasi kwamba mwaka 2021 maeneo ya machimbo ya kaskazini-magharibi mwa Wales yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Tatizo ni hesabu yake. Chukua kigae cha sleti cha milimita 500 kwa 250. Hakifuniki milimita 500. Vigae hivi vinapangwa hivi: kila kigae kinafunikwa na kilicho juu yake, na kile cha tatu nacho kinagusa kichwa cha cha kwanza kwa milimita 100, ili popote tone litakapoangukia likute tabaka mbili. Kwa hiyo toa 100 kwenye 500, gawa kwa mbili: kinachobaki kuonekana ni milimita 200 tu. Milimita 200 kwa 250 ni vigae 20 kwa kila mita ya mraba. Paa lako la nyuzi 25 ni mita za mraba 148.6, basi ni vigae 2,972, na asilimia 10 ya kuvunjika na kuchagua inakupeleka karibu 3,270. Misumari miwili kwa kila kigae. Na kwa sehemu ya mvua na upepo kama kwenu, wangeongeza kule kulaliana kufika milimita 120, idadi inapanda tena.

Uzito ndio unaoniogopesha zaidi. Sleti za unene wa kawaida, zikishalaliana, hazipungui kilo 30 kwa kila mita ya mraba. Paa lako lingekuwa na zaidi ya tani 4 za mawe, wakati bati zako zote hazifiki tani moja. Kenchi zile 11 za misindano zisingetosha, ungezikaribisha na kunenepesha mbao, na kuta nazo zingebeba. Tukuyu iko kwenye Bonde la Ufa, ardhi hutikisika mara kwa mara, sitaki tani 4 juu ya vichwa vya watoto watatu kwenye kenchi iliyohesabiwa kwa ajili ya bati. Ongeza meli, bandari, lori kutoka Dar es Salaam, na fundi wa kuvitoboa na kuvipanga ambaye Rungwe hutampata. Kikivunjika kimoja mwaka kesho, utaandika barua Wales?

Lakini mchango wake usiukatae, na hapa yule fundi wa kwanza anapata sifa yake. Zile mita za mraba 134.6 alizopima kwenye sakafu, ambazo kwa bati zilikuwa kosa, kwa maji ya mvua ndizo sahihi, kwa sababu mvua inaanguka kutoka juu na haijali mteremko. Mvua ya milimita 10, ambayo Tukuyu ni ya kawaida tu, inaliangushia paa lako zaidi ya lita 1,300. Hata ukipoteza moja ya tano kwa kuruka na kufurika, unabaki na zaidi ya lita 1,000 kwa mvua moja. Mwambie shemeji anunue mita 26.4 za gata, mita 13.2 kila upande, vishikio vyake, bomba za kushukia na tanki la lita 5,000. Vishikio vifungwe kwenye fisha bodi kabla bati hazijapigwa, kwa hiyo hela hiyo aitume kwanza.